Bajeti ya giza na mbalamwezi: kubana matumizi ya jikoni kwa mtu wa Kigoma

Mama mkwe wangu anaishi Ujiji na hana kalenda ukutani. Ukimuuliza leo tarehe ngapi atakutajia ya mwezi ulioandama, na hakosei. Ikifika tarehe 5 au 6 ya mwezi huo anamwita mjukuu, anampa hela na ndoo: "Nenda mwaloni, baba, kabla mwezi haujawa mkubwa." Mwaloni ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Nilipoolewa niliona ni mambo ya wazee. Mimi nilikuwa na bajeti ya kisasa. Mshahara wa mume wangu ukiingia tarehe 25 tunabeba kikapu, tunanunua vya mwezi mzima, basi. Mwezi mmoja hela ile inanipa dagaa wa kutosha, mwezi mwingine inanipa nusu yake, nami nalaumu wachuuzi. Ilinichukua karibu miaka miwili kugundua kwamba tarehe 25 yangu ilikuwa inaangukia gizani miezi mingine, na miezi mingine inaangukia mbalamwezi, wakati dagaa ni adimu.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na "acha soda, acha vocha". Hayo kila mtu anayajua. Unaanza na wakati wa kununua, maana hapa Kigoma pesa nyingi ya jikoni inapotea kwa kununua kitu kizuri siku mbaya.

Hatua ya kwanza: daftari, mwezi mmoja, bila kubadili chochote

Chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa. Andika kila kinachotoka, hata pilipili ya mia. Usijizuie kununua, usijionyeshe mwema mbele ya daftari. Mwezi wa kwanza ni wa kujichunguza tu. Pembeni mwa kila siku chora duara dogo: jeusi kama usiku ulikuwa giza, jeupe kama mwezi ulikuwa umejaa, nusu kama ni katikati. Mwanangu wa darasa la nne ndiye aliyepewa kazi hiyo, na aliifanya kwa bidii kuliko hesabu za shule.

Mwezi ukiisha, jumlisha kwa vitu na siyo kwa siku. Mimi nilishtushwa na mkaa. Nilikuwa nanunua kopo kila jioni nikijiona nabana. Nikanunua gunia, nikalipima kwa kopo lile lile la muuzaji wangu wa karibu, yakatoka makopo 44. Sasa weka bei za mtaani kwako. Tuseme kopo ni 1,500 na gunia ni 45,000: makopo 44 ni 66,000. Ile 21,000 inayobaki ndiyo nilikuwa nailipa kila gunia kwa kukosa mtaji wa siku moja.

Lakini hapa kuna mtego. Kitu kikiwa kingi ndani, mkono unakuwa mwepesi. Gunia la kwanza liliisha kabla ya siku zake kwa sababu kila mtu alijaza jiko mpaka juu. Ndipo nikarudisha kopo: gunia limefungwa stoo, na kila asubuhi natoa kopo moja na nusu. Likiisha limeisha. Ukinunua jumla bila kupima kila siku, bora uendelee na rejareja.

Hatua ya pili: jifunze kuusoma mwezi

Dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wana taa za betri na sola. Samaki wanaufuata mwanga, wanakusanyika chini ya taa, wavu unawanyanyua. Mwezi ukijaa, ziwa zima linakuwa na mwanga, taa ya mvuvi haina tena la kusema. Mitumbwi inavutwa pwani, wavuvi wanashona nyavu, na bei inapanda mwaloni, sokoni Mwanga na kwenye magenge yote. Mzunguko mzima ni siku 29 na nusu hivi.

Huhitaji simu kujua upo wapi. Jioni simama mahali unapoliona ziwa. Ukiona mwezi mwembamba juu ya milima ya Kongo jua likishazama, giza bado linakuhudumia. Mwezi huo utazama mapema na wavuvi watapata usiku mrefu. Ukiona jua linazama Kongo na wakati huo huo mwezi mzima unachomoza nyuma ya mgongo wako, juu ya vilima vya mjini, usipeleke hela mwaloni. Waislamu wana njia rahisi zaidi: anayefunga siku nyeupe, yaani tarehe 13, 14 na 15, afahamu kwamba wiki ya siku hizo ni wiki ya kula vya stoo. Kununua kwangu kunaanza kama tarehe 22 ya mwezi unaokwisha hadi tarehe 7 ya mwezi mpya.

Sasa, mshahara haujui mwezi. Kwa hiyo ukiingia, hela ya dagaa itenge kwenye bahasha yake na uisubirishe. Usiiguse kwa kuwa eti leo upo sokoni. Kwa mwenye biashara ya kila siku ni rahisi zaidi: weka kidogo kidogo siku za mbalamwezi, uitoe giza likiingia.

Hatua ya tatu: mwaloni, asubuhi

Nenda Kibirizi au mwalo ulio karibu nawe mapema, mitumbwi inapoingia. Ukichelewa utakuta wachuuzi wameshabeba, na wewe utanunua kwa mchuuzi. Ukienda peke yako na elfu tano utauziwa kwa bei ya elfu tano. Sisi huwa tunachanga wanawake watano wa mtaa mmoja, wawili wanakwenda, tunagawana kwa bakuli nyumbani. Nauli ni ya watu wawili tu, na anayeuza beseni zima anasikiliza.

Ukinunua dagaa wakavu, usitazame bei kabla ya kutazama dagaa. Kuna waliokaushwa mchangani na kuna waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mchangani ni rahisi, na ndio nilikuwa nawakimbilia. Siku moja niliwaloweka sado nzima kwenye maji ya uvuguvugu, nikawatoa kwa mikono, nikayaacha maji yatulie. Chini ya beseni ulibaki mchanga wa kujaza kikombe cha chai, na dagaa wengi walikuwa wamevunjika vichwa. Bado hujahesabu maji niliyowaoshea mara tatu, wala mume wangu aliyetafuna chembe moja akaweka kijiko chini bila kusema neno.

Sasa nafanya hivi. Nachota kiganja kimoja. Navunja dagaa mmoja katikati: akikatika kwa mlio kama kijiti, ni mkavu, akipinda, ana maji ndani na ataota ukungu kabla ya wiki mbili. Naangalia tumbo. Likiwa bado linang'aa rangi ya fedha ni dagaa mpya. Likiwa la njano linalokwenda kwenye kahawia, mafuta yake yameshachacha na mchuzi utakuwa mchungu. Kisha nawamwaga kwenye pembe ya kanga nyeusi na kupepeta kidogo. Mchanga unajitokeza wenyewe. Kuna muuzaji mmoja alinikasirikia: "Mama, unanunua dagaa au unatafuta dhahabu?" Nikamwambia vyote, kaka yangu. Akacheka, akaniongezea.

Hatua ya nne: kuwakausha mwenyewe

Hii ndiyo hatua inayookoa hela zaidi, na ndiyo inayoharibu zaidi ukikosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kwanza hesabu. Samaki mbichi sehemu kubwa ni maji. Kilo tatu mpaka nne za dagaa wabichi zinakupa kilo moja ya wakavu. Kabla hujajisifu kwamba umenunua rahisi, chukua bei ya kilo ya wabichi, zidisha kwa nne, ndipo ulinganishe na bei ya wakavu wazuri. Siku nyingine utaona tofauti ni ndogo, na kazi yote ile haina faida. Nunua wakavu, ukalale. Giza likiwa limekolea na mitumbwi imejaa, tofauti inakuwa kubwa.

Pili, kichanja. Miti minne, fito za kupitisha juu, wavu wa zamani uliofungwa ukakaza. Kiwe cha kiunoni, kuku wasiruke kirahisi na hewa ipite chini. Mara ya kwanza nilijifanya mjanja, nikawaanika juu ya bati la jiko la nje. Bati lilipata moto wa saa saba mchana likawapika badala ya kuwakausha. Mafuta yakawatoka, wakagandamana, kisha kunguru wakaja kumalizia. Kilo sita zilikwenda hivyo. Shemeji yangu bado ananiuliza kama nina wengine wa kukaanga kwa bati.

Waoshe kwa maji safi, wachuje, wamwage kwenye wavu tabaka moja tu. Wakipandana, wa chini wanaoza huku wa juu wameshakuwa vijiti. Wageuze baada ya saa mbili au tatu. Jioni waingize ndani au wafunike vizuri, maana umande wa usiku unawarudishia maji yote. Kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, siku moja na nusu hadi mbili inatosha. Masika usijaribu kiasi kikubwa. Mvua moja ya ghafla na umelisha paka wa mtaa mzima. Wakati huo kaanga wachache wa kula wiki ile, basi.

Tatu, kuhifadhi. Hapa wengi tunaharibu kwa haraka. Dagaa akitoka juani na joto lake ukamfungia kwenye ndoo, anatoa jasho, na jasho hilo ndilo linaleta ukungu. Waache kivulini mpaka wapoe kabisa, hata saa mbili. Kisha wagawe kwa mlo. Sisi ni watu sita, kikombe kimoja kinatutosha na ugali. Navifunga vikombe kimoja kimoja kwenye karatasi, navipanga ndani ya ndoo kavu yenye mfuniko unaobana, naandika tarehe kwa kalamu. Kila baada ya wiki mbili nawatoa juani asubuhi moja, nawapoza, nawarudisha. Ukisikia harufu kali ya mafuta yaliyochacha au ukiona unga unga chini ya karatasi, wamevamiwa. Chagua wazuri ule wiki hiyo.

Ziwa linapofungwa

Mwaka 2024 tuliona jambo geni. Uvuvi kwenye Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Tangazo lilikuwa limetolewa mapema, lakini kusikia ni jambo moja na kujiandaa ni jingine. Giza la mwisho lilikuwa la mwanzoni mwa Mei, kwani mwezi mpya ulikuwa tarehe 8. Mama mkwe aliagiza ndoo mbili. Mimi niliagiza nusu ndoo, nikisema serikali haiwezi kufunga ziwa zima. Ikafunga. Sikukuu ya Kuchinja, katikati ya Juni, ilitukuta tunaazima dagaa kwake Ujiji, na alitupimia kwa kikombe kidogo kuliko changu.

Kwa hiyo kwenye daftari weka ukurasa wa miezi mitatu. Sikiliza matangazo ya kila mwaka mwezi wa tatu na wa nne. Kadiria hivi: mkila dagaa mara tatu kwa wiki, wiki 13 ni milo 39, yaani vikombe 39. Huwezi kuvinunua vyote siku moja. Gawa kwa magiza matatu kabla ya Mei, vikombe 13 kila giza. Tatizo ni kwamba huo ni wakati wa mvua, kukausha ni shida. Hapo nunua waliokwisha kauka na uwape jua lako mwenyewe kila likitoka.

Hatua ya tano: mawese

Ugomvi wa mawese dhidi ya mafuta ya alizeti siuingilii. Kwangu mawese ni ya maharage, sombe (kisamvu) na dagaa. Mafuta ya alizeti ni ya chapati na mayai. Ukigawa hivyo chupa ya alizeti inakaa sana.

Nunua kwa dumu na mgawane, kama dagaa. Kabla ya kulipa omba kijiko kimoja ukipashe moto. Mawese yenye maji yanalia na kuruka kwenye sufuria. Maji hayo umeyalipia kwa bei ya mafuta, na yatafanya dumu lichache. Yakiganda asubuhi za baridi mwezi wa saba usishtuke, hiyo ni tabia yake, si dalili ya kuchanganywa. Yaweke gizani, mbali na jua na mbali na jiko.

Halafu acheni kuyaunguza mpaka yawe meupe. Najua wapo wasiopenda ile harufu. Lakini rangi ile ya machungwa ndiyo mwili unaitumia kutengeneza vitamini A. Ukiiunguza, umechoma mkaa ili upunguze chakula. Moto wa kiasi, kitunguu, basi. Mafuta yaliyobaki kwenye karai mimi natia kwenye maharage ya kesho.

Sabuni za kienyeji za mawese na mise, yaani kokwa za mchikichi, zinafua vizuri, hasa nguo za shule. Mche mmoja ukiukata vipande na kuvianika wiki moja unakauka, hauyeyuki ovyo kwenye beseni. Ile ya kunukia ya dukani iwe ya kuogea.

Hatua ya sita: maharage, mahindi na moto

Maharage yetu ya Kasulu ni mazuri na yana bei nzuri mara tu baada ya kuvunwa. Ila maharage ya zamani, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa, yanakula mkaa. Yamekakamaa, yanachemka tangu asubuhi na bado yanakuangalia. Uliza ya lini. Ng'ata moja: jipya linaacha alama ya jino, la zamani linakujibu kama kokoto.

Mahindi ya kuweka yapime unyevu kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi robo na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, iache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji, rudisha juani. Mahindi yenye unyevu ndiyo yanayopata sumukuvu, na sumukuvu haiishi kwa kukoboa wala kwa kupika. Usinunue yaliyoota ukungu hata yakiwa ya bure. Yakishakauka yatie kwenye mifuko ya PICS, ile yenye plastiki mbili ndani ya kiroba. Ukiifunga vizuri wadudu wanakosa hewa na kufa bila dawa. Mfuko unatumika tena msimu mwingine ukiutunza usitoboke.

Kuhusu moto: loweka maharage tangu usiku, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya. Hilo peke yake linakata karibu nusu ya mkaa. Hatua inayofuata ni kapu. Chukua tenga au kapu kubwa, litandike nguo kuukuu chini na pembeni unene wa kiganja, acha nafasi ya sufuria tu. Chemsha maharage yaliyolowekwa kwa nguvu nusu saa nzima, yakiwa yanatokota weka sufuria na mfuniko wake ndani ya kapu, funika kwa mto mzito, uende shambani. Usifunue kuchungulia! Kila ukifunua unatoa joto uliloliweka. Baada ya saa nne yako laini. Yarudishe jikoni yachemke tena unapoyaunga. Chakula kilichokaa vuguvugu bila kuchemshwa tena kinaleta ugonjwa. Wifi yangu alinicheka siku ya kwanza, akasema nimeyalaza maharage kama mtoto. Sasa kapu langu liko kwake na sijui litarudi lini.

Ukiwa na mtungi wa gesi mdogo wa kilo sita, utumie kwa chai, uji na kupasha, siyo kwa maharage. Andika tarehe ya kuujaza kwa kalamu kwenye mtungi wenyewe. Na jiko la mkaa, hata kama baridi ya mvua imezidi, usiliingize chumbani mnapolala. Hewa yake inaua, na haina harufu ya kukuonya.

Umeme na maji, kwa kifupi

Tazama risiti ya LUKU sehemu ya tarifa. Nyumba yenye matumizi madogo iko D1: uniti moja ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, mpaka uniti 75 kwa mwezi, ukivuka hapo kila uniti inakuwa 350. Walio T1 wanalipa 292 tangu uniti ya kwanza. Kama mna taa, televisheni na simu tu na bado mko T1, nenda ofisi ya TANESCO ukaulize. Uniti 75 ni mbili na nusu kwa siku. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja ni uniti moja, kwa hiyo nguo zote pigeni pasi siku moja, Jumapili. Ile 1,500 inayokatwa kila mwezi ni kodi ya jengo na ni deni la mwenye nyumba. Mpangaji tunza risiti, mkae mkubaliane kwenye kodi ya pango.

Maji: kinga ya mvua kwa pipa safi lenye mfuniko, uyatumie kufulia na kudekia. Maji ya kuoshea dagaa na mboga yanakwenda kwenye mchicha.

Hatua ya saba: hela yenyewe

Hela ya siku za giza na ya ziwa kufungwa ikae wapi? Kwenye simu ni salama kuliko mfukoni, ila usiitoe vipande vipande. Kutoa elfu tano mara nne kunakula makato zaidi ya kutoa elfu ishirini mara moja. Panga siku moja ya kutoa, iwe siku ya kwenda mwaloni.

Kibubu cha nyumbani nakikubali kwa hela ndogo ya mwezi mmoja au miwili. Kwa ya muda mrefu, hapana. Mama mkwe, pamoja na ujuzi wake wote wa mwezi, alikuwa na kopo la maziwa lililojaa noti za 500 za karatasi. Benki Kuu ilitangaza noti hizo, pamoja na za zamani za toleo la 1985 hadi 2003, zibadilishwe kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Alilikumbuka kopo mwezi wa tano. Hatuendelei na habari hiyo, maana anasoma ninachoandika.

Kikoba ni kizuri kama kina mambo matatu. Sanduku lenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu wasiolala nyumba moja. Daftari linalosomwa kwa sauti mbele ya wote kila kikao, hisa ya kila mtu ikitajwa. Na usajili, kwani tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi hivi vinatakiwa visajiliwe, na njia yake inaanzia halmashauri. Kisichosomwa daftari, toka hata kama mwenyekiti ni dada yako. Mikopo ya kausha damu ya kulipa kila siku usiiguse kwa chakula. Chakula cha mkopo kinaisha Jumanne na mkopo unaendelea.

Sisi tulipanga kikoba chetu kivunjwe mwishoni mwa Machi badala ya Desemba. Wenzetu walishangaa, maana kila mtu anataka hela ya sikukuu. Lakini Machi kuna ada iliyobaki, na kuna dagaa wa kuweka kabla ya Mei.

Kama una elfu kumi tu ya kuanzia

Usinunue gunia wala dumu. Subiri mwezi mwembamba uonekane upande wa Kongo. Elfu saba iende kwa dagaa wakavu, baada ya kuvunja mmoja na kupepeta kwenye kanga. Elfu tatu iwe ya maharage mapya. Wagawe dagaa kwa vikombe siku hiyo hiyo. Mbalamwezi ikija na jirani zako wananunua kwa bei ya juu, wewe utakula vya ndani. Ile hela ambayo ungetoa siku hizo iweke kwenye bahasha, kila siku, hata mia tano. Giza linalofuata bahasha itakuwa na elfu saba hivi au zaidi, na hapo ndipo umtafute jirani wa kuchanga naye beseni.